Kuchomeka, Kuchomoa na Kuzuia Damu: Istilahi za Kiswahili katika Utunzaji wa Njia ya Damu ya Mgonjwa wa Figo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohitajika katika kazi mbili za kila siku za kitengo cha kusafishia damu kwa mashine, nazo ni kuingiza sindano katika njia ya damu ya mgonjwa na kuzuia damu baada ya sindano kutolewa. Hoja kuu ni kwamba nomino za taaluma hii zinaweza kutoholewa bila madhara makubwa, lakini vitenzi havina budi kutoka katika Kiswahili chenyewe. Usalama wa mgonjwa hutegemea tendo, na mfumo wa unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili hubainisha matendo hayo kwa usahihi ambao waundaji wa istilahi hawajautumia vya kutosha.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili kwa muda mrefu umekuwa mjadala wa nomino. Tunauliza kitu fulani kiitweje, kisha tunachagua kati ya kutohoa, kutafsiri na kupanua maana ya neno la zamani. Ni mara chache tunauliza tendo fulani lielezweje. Katika taaluma nyingi upungufu huu hauleti hasara ya haraka. Katika uuguzi huleta, kwa sababu mgonjwa hapewi orodha ya nomino bali maelekezo: bonyeza, usiachie, inua, niite.

Makala haya yamechagua uwanja mdogo wenye uzito mkubwa. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, na ambaye hajapandikizwa figo nyingine, huishi kwa damu yake kutolewa mwilini, kupitishwa katika kichujio na kurudishwa. Ratiba iliyozoeleka katika nchi nyingi ni mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Kila mara sindano mbili huingizwa mkononi. Kwa hesabu hiyo, mkono mmoja huchomwa mara 312 kwa mwaka. Na kwa anayetibiwa mara mbili kwa wiki, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, mara 208. Hakuna kiungo kinachostahimili uchomaji wa kiasi hicho bila utaratibu. Utaratibu huo hufundishwa kwa lugha, na lugha ambayo mgonjwa wetu huielewa mara nyingi ni Kiswahili.

Kabla ya kuendelea, tuondoe kosa moja. Katika mazungumzo na hata katika vyombo vya habari husemwa kwamba mgonjwa "anasafishwa figo". Kinachosafishwa ni damu, figo haiguswi. Kosa hili si la kimtindo tu. Anayeamini kwamba figo zake zinasafishwa ana haki ya kutarajia kwamba siku moja zitatakata na tiba itakoma, hivyo haoni sababu ya kuutunza mkono wake kama mali ya maisha yote. Kwa hiyo makala haya yanatumia "usafishaji damu".

2.0 Usuli wa njia ya damu

Willem Kolff aliunda mashine ya kusafishia damu katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, na mgonjwa wa kwanza kuokolewa nayo alipona mwaka 1945. Mashine ilifanya kazi, lakini kila tiba iliharibu mishipa ya damu, na mishipa ilipokwisha tiba nayo ilikwisha. Kwa hiyo haikuwafaa waliohitaji kutibiwa daima. Mwaka 1960 Belding Scribner na wenzake mjini Seattle, Marekani, waliweka mikononi mwa mgonjwa vipande vya mpira wa Tefloni vilivyobaki humo kati ya tiba moja na nyingine. Mgonjwa wao wa kwanza, Clyde Shields, aliishi hadi mwaka 1971. Hata hivyo mipira hiyo iliingiwa na maambukizi na kuziba mara kwa mara.

Ufumbuzi uliodumu ulichapishwa mwaka 1966 na Brescia, Cimino, Appell na Hurwich wa New York. Walishona pamoja ateri na vena ya mkono. Damu ya ateri, yenye kasi na shinikizo, huingia moja kwa moja katika vena; vena hupanuka, ukuta wake hunenepa, na baada ya wiki kadhaa huweza kuchomwa sindano nene. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2006 ulitoa kipimo rahisi cha sita nne cha kukomaa kwake: baada ya wiki 6, mtiririko wa mililita 600 kwa dakika, kipenyo cha milimita 6, na kina kisichozidi milimita 6 chini ya ngozi. Mwongozo mpya wa mwaka 2019 umelegeza vipimo hivyo na kusisitiza mahitaji ya kila mgonjwa, lakini kwa kufundishia bado vina manufaa.

3.0 Matatizo ya nomino: mshipa, fistula na sindano

Neno "mshipa" katika matumizi ya kawaida hubeba ateri, vena na neva, na katika sehemu nyingi hutaja pia ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa akiambiwa kwamba "mishipa miwili itaunganishwa", huweza kufikiri ni mishipa ya fahamu, akaogopa kupooza. Hapa utohozi unatosha. "Ateri" na "vena" zimekwishaingia katika vitabu vya sayansi, na kinachobaki ni kuzifafanua: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha.

Neno "fistula" lina tatizo jingine. Kwa Kilatini lilimaanisha bomba. Katika nchi zetu kampeni za afya ya uzazi zimelifanya lijulikane kwa maana ya tundu linalovujisha mkojo au kinyesi baada ya uzazi pingamizi, jeraha lililowatenga wanawake wengi na jamii zao. Mama mzima akiambiwa kwamba atawekewa fistula, mshtuko wake ni wa haki. Tunapendekeza "kiungio cha ateri na vena" katika maandishi, na "kiungio cha mkono" katika mazungumzo. Pale ambapo vena za mgonjwa hazifai na bomba la kutengenezwa hushonwa chini ya ngozi, "mshipa bandia" hueleweka bila ufafanuzi. Mpira unaopitishwa shingoni uachwe na jina lake la wodini, yaani "mpira", au "katheta" katika maandishi.

Mfano wa tatu ni sindano zenyewe. Kwa Kiingereza huitwa kwa majina ya ateri na vena, na tafsiri ya neno kwa neno hutupa "sindano ya ateri" na "sindano ya vena". Tafsiri hii inapotosha, kwa sababu katika kiungio sindano zote mbili huingizwa katika vena ileile iliyopanuka. Tofauti yao ni kazi, si mahali. Kiswahili kina kauli ya kutendea inayoonyesha kazi ya chombo, kama katika kisu cha kukatia. Basi ziitwe "sindano ya kutolea damu", yenye alama nyekundu, na "sindano ya kurudishia damu", yenye alama ya buluu. Mwanafunzi wa uuguzi akizijua kwa majina hayo, hahitaji kukariri kwamba jina halilingani na hali.

4.0 Uchomekaji

4.1 Mzizi -chom- na wanawe

Kitenzi "choma" kina maana pana: huchomwa nyama, huchomwa mkono kwa mwiba, huchomwa sindano. Kwa mgonjwa, kuchomwa sindano ni tendo la nukta moja: sindano huingia, dawa hutiwa, sindano hutoka. Katika usafishaji damu sindano huingia na kukaa saa nne. Tendo hili si kuchoma tu, ni kuchomeka. Kiambishi -ek- hapa ni kile cha kuweka kitu mahali kikakaa, kinachoonekana katika bandika, angika na simika. Kinyume chake hujengwa kwa -o- au -u-, na hali ya jambo kutokea lenyewe kwa -ok- au -uk-:

(1) bandika : bandua : banduka
(2) chomeka : chomoa : chomoka

Muuguzi anayeshika plasta kwa mkono mmoja na sindano kwa mwingine anatumia mifumo miwili iliyo sambamba. Tunapendekeza "uchomekaji" kwa tendo la kuingiza sindano na kuiweka, "uchomoaji" kwa tendo la kuitoa, na "uchomokaji" kwa ajali ya sindano kutoka yenyewe. Upinzani unaoweza kutolewa ni kwamba chomeka ni pia "weza kuchomwa", kama katika "mkono huu hauchomeki". Sintaksia huondoa utata huo: chomeka ya kwanza ina mtendwa, ya pili haina.

4.2 Namna ya kuchomeka

Uchomekaji hutanguliwa na uchunguzi wa macho, vidole na masikio. Macho hutafuta wekundu, uvimbe na ngozi iliyokonda na kung'aa. Vidole hutafuta mtetemo, na sikio, kwa kutumia stetoskopu, hutafuta mvumo. Tofauti kati ya "mtetemo" na "mpigo" isipotee. Kiungio kizima hutetema mfululizo chini ya vidole. Kinachopiga kwa nguvu kama ateri bila kutetema huashiria mfinyo mbele ya njia. Muuguzi anayeandika tu "mkono unacheza" ameficha habari muhimu.

Baada ya ngozi kusafishwa, sindano huelekezwa mdomo wake wa mshazari ukitazama juu, kwa pembe ya takriban digrii 25 katika kiungio na 45 katika mshipa bandia. Ncha hukaa mbali na mshono wa ateri na vena, angalau sentimita 3, na ncha mbili huachana vya kutosha ili damu iliyosafishwa isivutwe tena. Sindano ya kurudishia damu hufuata mkondo. Damu ikionekana mpirani, pembe hupunguzwa na sindano husukumwa taratibu. Ikipita ukuta wa pili, damu humwagika ndani ya nyama. Kitenzi "toboa", ambacho wengi hukitumia kwa uchomekaji wenyewe, kihifadhiwe kwa ajali hii: "sindano imetoboa". Na matokeo yake Kiswahili kimekwishayapa jina: damu "imevilia".

4.3 Vidato, eneo moja na kutoga

Mwaka 1984 Mjerumani Krönung alieleza jinsi namna ya kuchagua mahali pa kuchoma inavyobadilisha umbo la vena. Namna zake tatu zinahitaji majina. Ya kwanza ni kuhamahama kwa utaratibu, kila tiba mahali papya juu ya lile lililotangulia, kwa urefu wote wa vena. Lugha nyingine huifananisha na ngazi ya kamba. Mwambao una mfano ulio karibu zaidi: vidato, yaani hatua anazokata mkwezi katika shina la mnazi. Hakuna mkwezi anayekata vidato vyote mahali pamoja. Tunapendekeza "mbinu ya vidato".

Namna ya pili ni kurudia eneo dogo lilelile kwa kuwa ni rahisi na haliumi sana. Hii tuiite "uchomaji wa eneo moja", na jina lake liwe onyo. Ukuta wa vena hudhoofika na kutuna, ngozi juu yake hukonda, na sehemu zilizo kando ya tuno hufinyika. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi huiomba, akisema, "Nesi, choma palepale, pameshazoea." Kuzoea huku ni kufa kwa ngozi, na inafaa muuguzi awe na neno la kumjibu.

Namna ya tatu huchoma tundu moja kamili, kwa pembe ileile na kina kilekile, mpaka kovu lijenge kijia kutoka ngozi hadi vena. Ndipo sindano butu hutumika badala ya kali. Ilielezwa na Twardowski wa Poland katika miaka ya 1970. Jina lake la Kiingereza hutokana na tundu la kifungo, lakini tundu la kifungo halina kijia. Sikio lililotogwa linacho: tundu lililopona huku likiwa wazi, linalopokea kipini bila damu wala maumivu. "Mbinu ya kutoga" hueleza umbo, uponaji na hata hatari, kwani kila mtu anajua kwamba tundu la sikio lisilosafishwa hutunga usaha. Katika mkono hatari hiyo ni kubwa zaidi: kigaga kisipoondolewa vizuri, bakteria husukumwa moja kwa moja damuni. Kwa sababu hiyo vituo vingi huiwekea mbinu hii mipaka.

5.0 Uchomoaji na uzuiaji damu

5.1 Matundu mawili

Makosa mengi ya kuzuia damu hutokana na kufikiri kwamba sindano huacha tundu moja. Huacha mawili, la ngozi na la vena, na kwa kuwa sindano iliingia kwa mshazari matundu hayo hayapo pamoja. Ikiwa vena iko milimita 6 chini ya ngozi na pembe ni digrii 25, tundu la vena liko takriban milimita 13 mbele ya tundu la ngozi. Anayebonyeza tundu analoliona huweza kuzuia damu isitoke nje huku ikivilia ndani. Istilahi "tundu la nje" na "tundu la ndani" ni nyepesi, na zikishatamkwa mgonjwa huelewa mara moja kwa nini anaagizwa kutumia vidole viwili.

5.2 Kubonyeza, kubana, kufunga, kuziba

Tutazame maelekezo matatu tuliyoyabuni kwa kufuata mazungumzo ya kawaida ya wodini:

(3) Mzee, bana hapo mpaka damu ikatike.
(4) Baba, funga mkono kwa nguvu.
(5) Mama, sindano imetoka. Sasa bonyeza tundu la nje na la ndani kwa vidole viwili, usiachie wala usichungulie kwa dakika 10, na uendelee kusikia mtetemo juu ya vidole na chini yake.

Katika (3), "bana" ina maana ya kukaza pande zote, jambo ambalo kiungio hakilitaki. Nayo "damu ikatike" haisemi damu ipi. Damu ya tundu ikikatika ni heri. Damu ya kiungio ikikatika, mkono umepotea. Katika (4), mgonjwa mtiifu atafunga kitambaa, atalala nacho, na asubuhi ataamka na bonge la damu iliyoganda mahali pa mtetemo. Kitenzi "ziba" kina hatari hiyohiyo: tundu lizibwe, lakini kauli ya kusikitisha kuliko zote katika kitengo ni "mshipa umeziba". Mfano (5) ni mrefu, ila kila kitenzi chake kina mtendwa, muda na kipimo. Kipimo hicho ndicho kiini cha kazi nzima: shinikizo litoshe kuzuia damu, lisifike kuzima mtetemo.

Utaratibu ulio nyuma ya (5) ni huu. Sindano huchomolewa kwa pembe ileile iliyoingilia, na shinikizo halianzi kabla haijatoka yote, kwani kubonyeza mapema huifanya ncha ikate ukuta wa vena. Kuchungulia kila dakika hubandua ganda linaloanza kushika. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande mashinani, kwa kawaida husimamishwa kabla ya mwisho wa tiba. Ikiwa damu huendelea kutoka zaidi ya dakika 20, na hali hiyo ikajirudia, tatizo huenda si dawa bali mfinyo mbele ya njia unaopandisha shinikizo. Kwa hiyo muda wa kubonyeza uandikwe. Ni kipimo kisichogharimu kitu.

5.3 Kuvuja, kuchirizika, kufoka

Kiswahili hutofautisha mwendo wa kitu cha majimaji kwa vitenzi vingi: kuvuja, kuchirizika, kutiririka, kufoka. Tunapendekeza daraja hizi zifundishwe rasmi kwa wagonjwa na jamaa zao. Anayepiga simu usiku akisema "inavuja" huweza kuelekezwa kubonyeza kwa vidole viwili na kusubiri. Anayesema "inafoka" ana dakika chache. Yeye akandamize kwa nguvu palepale penye tundu, kwa kidole au kwa kizibo cha chupa, ainue mkono na aite msaada, bila kurundika taulo zinazonywa damu na kuificha. Katika dharura hii, na hii pekee, kitenzi sahihi ni "kandamiza". Uhai kwanza, kiungio baadaye.

6.0 Uchomokaji

Damu ya mtu mzima ni takriban lita 5. Mashine inayosukuma mililita 400 kwa dakika, sindano ya kurudishia damu ikiwa imechomoka, humwaga lita 2 sakafuni kwa dakika 5. Kengele ya mashine haitoshi kutegemewa, kwa sababu wembamba wa sindano yenyewe huendelea kuleta shinikizo hata ikiwa nje ya mwili. Kinga ni plasta iliyobandikwa vizuri na mkono usiofunikwa kwa blanketi hata kama mgonjwa anasikia baridi.

Hapa sarufi ina kazi ya kisheria pia. Ripoti isemayo "sindano ilichomolewa" inadai mtendaji. Isemayo "sindano ilichomoka" inadai chanzo: plasta ilibanduka, mgonjwa aligeuka, jasho lililowesha ngozi. Ripoti ya Kiingereza iliyotafsiriwa kwa "sindano ilitoka" haisemi lolote kati ya hayo, na kosa lisilo na jina hurudi.

7.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba wauguzi husomea kazi yao kwa Kiingereza, hivyo istilahi hizi hazina mtumiaji. Dai hili husahau kwamba mkono si wa muuguzi. Anayebonyeza ni mgonjwa. Anayeamka usiku kugusa mtetemo ni mgonjwa. Anayepiga simu ni mke, mume au mtoto wake. Wote hao hawakusomea Kiingereza cha hospitali, na mafunzo ya muuguzi huwafikia kwa kitenzi kimoja kimoja.

Tumeonyesha kwamba ateri, vena, katheta na heparini zinaweza kubaki maneno ya kukopa. Lakini chomeka, chomoa, chomoka, toboa, vilia, bonyeza, kandamiza, vuja na foka tayari yamo kinywani mwa kila msemaji, na kila moja lina mpaka wake. Kazi iliyobaki kwa wanaisimu ni kuyapanga, kuyajaribu wodini pamoja na wauguzi, na kuyaingiza katika vipeperushi na mitaala. Istilahi hizi zipimwe kwa swali moja: je, mgonjwa aliyeambiwa mara moja ataondoka akijua kidole kikae wapi, kwa muda gani, na kwa nguvu kiasi gani?